Mkono Uliofanya Kazi Mbili: Historia Fupi ya Miguu ya Mbele ya MGB

Gereji yenyewe ni banda la mbao nyuma ya nyumba, pembezoni mwa mji wa Oxford. Mwenye banda ni mzee mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia Uingereza ujanani, akafanya kazi kwenye viwanda vya magari vya Cowley mpaka akastaafu. Nilimjua msikitini, na tangu hapo kila Jumamosi nisipokuwa na la kufanya huenda kumshikia taa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo sitaki ushike taa. Leo nataka uamue. Si wewe unayesoma historia?"

Gari lake lilikuwa juu ya stendi, magurudumu ya mbele yametolewa. Ni MGB GT ya mwaka 1975, rangi ya machungwa iliyofifia. Mezani palikuwa na vitu viwili. Upande mmoja, jozi ya shokapu za zamani za mkono, zimefunguliwa, zimesafishwa na kufungwa upya. Upande wa pili, boksi jipya lenye vifaa vya kubadilisha mfumo wote wa mbele: shokapu za bomba zilizovikwa springi juu yake, mikono mipya, boljointi mpya. Bintiye ndiye atakayerithi gari, maana macho ya mzee hayamruhusu tena kuendesha. Na binti hukaa London, kwa hiyo gari litapita barabara kuu kila wiki, kati ya malori. Swali lilikuwa jepesi kulisema: arudishe vya zamani au aweke vipya?

Nilimwambia anipe wiki moja. Haya ndiyo niliyomrudishia.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu wengi ni watu wa riwaya na mashairi, si watu wa grisi. Gari likipiga shimo, springi hupokea pigo. Lakini springi haina adabu: ikibanwa, inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, na gari linabaki likinesa kama kitanda cha kamba. Kazi ya shokapu ni kuula mneso huo. Ndani yake oili hulazimishwa kupita kwenye tundu dogo, ikipita inapata moto, na ule mneso wote huishia kuwa joto. Basi. Hakuna muujiza.

Shokapu tunazozijua leo ni za bomba, pampu ndefu iliyosimama. Za MGB si hivyo. Ni boksi zito la chuma lililofungwa kwa bolti juu ya boriti inayokingama chini ya injini, na kutoka kwenye boksi hilo unatoka mkono. Nyosha mkono wako wa kulia ubavuni: bega ndilo boksi, na ngumi ndipo gurudumu linaposhikwa kwa juu. Gurudumu likipanda, mkono unapanda, na "begani" mna pistoni mbili zinazosukuma oili. Kwa hiyo mkono ule unafanya kazi mbili kwa mpigo. Unapunguza mneso, na wakati huohuo ndio unaolishika gurudumu lisilale. Ukiuondoa bila kuweka kitu badala yake, gurudumu halina kinacholisimamisha. Hapo ndipo ugumu wote wa kuboresha MGB unapoanzia: huwezi kubadilisha shokapu bila kugusa mfupa.

Sasa nani aliyebuni jambo hili?

Mizizi yake inarudi nyuma kabla ya MGB, hadi miaka ya 1930, Cowley kulekule alikokuja kufanya kazi mzee wangu. Mwaka 1936 kampuni ya Morris ilimwajiri kijana aitwaye Alec Issigonis. Alizaliwa Smyrna mwaka 1906, mji ambao leo tunauita Izmir, katika familia ya Kigiriki yenye uraia wa Uingereza. Mwaka 1922, vita vilipoukaribia mji, familia ikahamishwa. Akafika London na kusoma uhandisi, na hesabu zikamshinda mtihani baada ya mtihani. Lakini mkono wake wa kuchora ulikuwa na akili. Akichora kwa penseli tu, na fundi mchoraji aitwaye Jack Daniels akizigeuza karatasi zile kuwa michoro ambayo kiwanda kinaweza kuitengeneza. Wawili hawa ndio waliobuni mfumo wa mbele ambao kila gurudumu lina miguu yake, lenye springi ya kujiviringa, na mkono wa shokapu ukiwa ndio mkono wa juu.

Ili uone ukubwa wa jambo hilo, kumbuka magari madogo ya Uingereza ya wakati ule yalivyokuwa. Mengi yalikuwa na ekseli moja ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, juu ya springi za majani kama za mkokoteni. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo linajua. MG yenyewe ilishawahi kujaribu kuachana na mtindo huo. Mwaka 1935 ilitoa gari la mashindano la R, ambalo magurudumu yote manne yalijitegemea. Yalitengenezwa 10 tu. Gari lililala vibaya kwenye kona, na mwaka huohuo wakubwa wakaifunga idara ya mashindano. Baada ya hapo MG ikarudi kwenye ekseli moja, na hata MG TC, iliyotoka mwaka 1945 na kupendwa sana na wanajeshi wa Marekani waliokuwa Uingereza, ilikuwa na ekseli moja mbele.

Ubunifu wa Issigonis na Daniels ulisubiri vita viishe. Ulitoka mwaka 1947, tena si kwenye gari la michezo. Ulitoka kwenye MG Y, gari la familia lenye milango minne, la kumpeleka mtu kanisani Jumapili. Halafu mafundi wa Abingdon, mji mdogo kusini ya Oxford ambako MG zilikuwa zikiundwa, wakafanya jambo ambalo fundi yeyote wa Gerezani angelielewa mara moja. Walichukua chasisi ya Y, wakaikata kipande ili iwe fupi, wakaipachika bodi ya TC juu yake. Kutokana na jaribio hilo ikazaliwa MG TD, ambayo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1949. Zilitengenezwa zaidi ya 29,000, na nyingi zikavuka bahari kwenda Marekani.

Kwa hiyo uboreshaji wa kwanza kabisa wa miguu ya mbele ya MG za kisasa haukutoka kwenye gari la mbio. Ulitoka kwenye gari la familia, kwa msumeno. Nalisisitiza hili kwa sababu wapenzi wa magari ya zamani hupenda kusema "asili" kana kwamba ni andiko lililoshuka. Asili ya MG ni kiraka.

Mfumo ule ukapita kutoka TD kwenda TF, kisha MGA ya mwaka 1955, kisha MGB iliyoonyeshwa Septemba 1962. Issigonis wakati huo alishakuwa mtu mashuhuri kwa mambo mengine: Morris Minor ya mwaka 1948, ambayo wazee wa Nairobi na Dar wanaikumbuka na ambayo nayo ilitumia mkono wa shokapu kama mkono wa juu, halafu Mini ya mwaka 1959. Lakini wazo lake la kabla ya vita lilikuwa bado linafanya kazi chini ya gari jipya la michezo, na lingeendelea kufanya kazi hiyo mpaka 1980.

Je, mwaka 1962 lilikuwa limeshapitwa na wakati? Tuseme kweli, lilikuwa limeanza kupitwa. Triumph walikuwa wametumia shokapu za bomba mbele kwenye TR2 tangu 1953. Triumph Spitfire, iliyotoka mwaka uleule na MGB, ilikuwa nazo. Abingdon hawakuwa wajinga. Walikuwa na bajeti, na bajeti ilikuwa imeelekezwa kwenye bodi, kwa sababu MGB iliachana na chasisi ya chini na kuifanya bodi yenyewe ibebe gari zima. Ukijenga nyumba mpya, unaweza kuingia na kitanda cha zamani. Kitanda kilikuwa bado kizima.

Na kilikuwa kizima kwelikweli. Mwaka 1963 MGB ilikwenda Le Mans, mikononi mwa Paddy Hopkirk na Alan Hutcheson. Mapema tu gari likazama mchangani, likachimbuliwa kwa mikono kwa zaidi ya saa nzima, na bado likamaliza la 12. Mwaka 1966 Andrew Hedges na Julien Vernaeve waliishindisha MGB mashindano ya Marathon de la Route: saa 84 kuzunguka Nürburgring, barabara yenye kona na mabonde ya kuchosha chuma na binadamu. Magari hayo yaliandaliwa maalumu, sikatai. Lakini msingi wa miguu ya mbele ulikuwa ni ule ule. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema shokapu za mkono "hazifai kabisa", huwa nauliza: hazifai, au zimechoka? Shokapu yenye miaka 50 ambayo oili yake imevuja haiwezi kutoa ushahidi dhidi ya mchoro wake.

Lakini udhaifu upo, na haki ya historia ni kuusema. Pistoni za ndani husogea kidogo tu, kwa hiyo oili kidogo hufanya kazi kubwa. Ukiendesha kwa nguvu kwenye barabara mbovu, oili inapata moto, inakuwa nyepesi, na shokapu inaanza kukata tamaa. Bomba refu lina oili zaidi na safari ndefu zaidi. Tena, matairi ya leo yanashika lami kuliko ya 1962, na yakishika zaidi, kila kiungo kinabebeshwa zaidi. Halafu kuna kingipini, mhimili uliosimama ambao gurudumu hugeuka juu yake unapokata kona, ukikaa ndani ya bushi za shaba. Kingipini inataka grisi mara kwa mara. Ukiinyima, inakauka, inalika, usukani unakuwa mzito, na mwisho wake ni mbaya. Boljointi za kisasa huja zimefungwa na grisi yake ndani. Hazikuombi kitu mpaka siku ya kufa.

Sasa tufike kwenye sehemu ya historia iliyonifanya nibadilishe mawazo, maana nilianza wiki ile nikiwa upande wa boksi jipya.

Mabadiliko makubwa kuliko yote kwenye miguu ya mbele ya MGB hayakutoka kwa mhandisi aliyetaka gari bora. Yalitoka kwenye sheria. Soko kubwa la MGB lilikuwa Marekani, na Marekani ilikuwa imeweka kanuni mpya za bampa na za kimo cha taa. Septemba 1974 MGB zote zikatoka na bampa kubwa nyeusi za mpira, na gari zima likainuliwa takriban milimita 38. Kuinua gari ni rahisi kuliko kuunda upya pua yake. Tena, kwa kubana matumizi, stabilaiza ya mbele, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona, ikaondolewa kwenye gari la kawaida.

Fikiri kidogo. Umeinua gari, kwa hiyo litalala zaidi. Na papohapo umeondoa kitu kinacholizuia kulala. Wateja waliliona hilo kwenye kona ya kwanza. Mwaka 1976 kiwanda kikarudisha stabilaiza, safari hii mbele na nyuma, jambo ambalo ni kukiri kosa bila kusema samahani. Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kikafungwa. MGB zaidi ya 500,000 zilikuwa zimetengenezwa.

MGB ya mzee wangu ni ya 1975. Ilizaliwa katikati ya kosa. Imeinuliwa, haina stabilaiza. Hii ndiyo "asili" yake, kama tukitaka kuwa waaminifu kwa karatasi. Na ndiyo maana watu wengi wenye MGB za miaka ile, wanaposema wanaboresha mbele, kwa kweli wanatubu kwa niaba ya kiwanda. Wanashusha gari. Wanarudisha fimbo. Wanaweka bushi za MGB V8, gari lililotengenezwa kuanzia 1973 hadi 1976, ambazo ni mpira ulioshikamana na chuma na zinadumu kuliko zile za kawaida. Vitu vyote vitatu ni vya Abingdon yenyewe, vya kabla au baada ya kosa. Neno letu "kuboresha" linaficha hili. Tunalitumia kana kwamba siku zote ni kwenda mbele. Mara nyingine ni kurudi nyuma hatua tatu, mpaka pale njia ilipopinda.

Wapo wanaokwenda mbele kweli. Wengine huacha boksi la zamani mahali pake, wakalitoa nguvu ili mkono ubaki kuwa mkono tu, kisha wakaongeza shokapu ya bomba pembeni. Wengine hufanya kama boksi la mezani kwa mzee: wanaondoa kila kitu, wanaweka mikono miwili mipya na boljointi. Nao wana hoja ya kihistoria mkononi. Mwaka 1992 jina la MG lilirudi na gari la MG RV8, lililojengwa juu ya mifupa ya MGB, na waliolitengeneza hawakurudisha shokapu za mkono. Waliweka za bomba. Baada ya miaka 30 ya MGB, kizazi kipya cha waundaji kilitoa hukumu yake kimyakimya.

Kwa hiyo nikarudi Jumamosi iliyofuata nikiwa na hoja za pande zote mbili, kama wakili anayelipwa na mlalamikaji na mlalamikiwa. Nikamwambia mzee kwamba swali lake lina maswali matatu ndani yake. Mwaka 1947 watu waliuliza: tutapataje gari linaloelewa barabara? Wakapata mkono unaofanya kazi mbili. Mwaka 1974 wakauliza: tutauzaje Marekani? Wakapata gari lililopanda juu ya vidole. Wewe, nikamwambia, unauliza: mwanangu atafikaje London salama? Hilo si swali la Issigonis wala la wanasheria wa Washington. Jibu la mtu mwingine halitakutosha.

Akanyamaza, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Wajua kwa nini nimeshindwa kuamua?" akasema. "Hizi za zamani nazijua. Nikisikia sauti, najua ni nini. Lakini mimi sitakuwepo ndani ya gari. Atakuwemo yeye. Kitu cha zamani hakina ubaya, mwanangu. Ubaya ni kumpa mtu kitu cha zamani usimpe na maarifa yake."

Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tunajadili shokapu na huku tunajadili jambo jingine. Sisi wa Pwani tunalijua. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu ipo makabatini, mizima, karatasi haijaliwa na mchwa. Kilichokufa katika nyumba nyingi ni jicho la kuisoma. Mjukuu anairithi, anaiona nzuri, anaifungia. Hajaiharibu, na haimfai kitu. Mtu mwingine anakuja kuiandika upya kwa maneno mepesi ili isomeke, na pengine anapoteza vina, lakini walau inasomeka. Yupi amemtendea haki mshairi? Nimekaa kwenye makongamano nikisikiliza wasomi wakigombana juu ya hilo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na grisi mikononi.

Mzee aliamua hivi. Shokapu za mkono zitarudi, kwa kuwa ni nzima na zimefungwa vizuri. Kingipini na bushi za shaba zitawekwa mpya. Bushi za V8 chini. Stabilaiza itafungwa, ile ambayo gari lake lilinyimwa siku ya kuzaliwa. Gari litashushwa kwenye kimo chake cha kabla ya 1974. Boksi jipya halitarudishwa dukani. Litakaa chini ya meza, na risiti yake ndani, pamoja na karatasi aliyoandika kwa mkono ikieleza bolti zipi zifunguliwe kwanza. Hakuna kitakachokatwa wala kutobolewa kwenye bodi, ili binti akiamua vingine siku yoyote aweze.

Kulikuwa na sharti moja. Binti aje mwenyewe, avae ovaroli, aingie chini ya gari.

Alikuja Jumapili. Ni mhasibu, ana mzaha mwingi, na alikuja na glavu za jikoni. Baba yake akampa bomba la grisi, akamwambia atafute niplo zote za mbele bila kuonyeshwa. Tukamsikia chini kule akihesabu kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, akirudia.

"Tatu huku, tatu huku. Sita, baba."

"Sita. Ukisahau moja, hiyo ndiyo itakayokudai."

Akazitia grisi zote sita. Tukafunga magurudumu, tukashusha gari, na mzee akakaa kiti cha abiria kwa mara ya kwanza tangu alinunue. Mimi nilikunjwa nyuma, kwenye kile kiti ambacho Abingdon walikusudia kwa watoto au mikoba. Tulizunguka mpaka Abingdon na kurudi, kama kilomita 20 kwenda na kurudi. Kwenye mzunguko wa barabara gari lililala kidogo, likatulia. Mzee hakusema kitu. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.